Risasi Isiyo na Risasi: Kuchagua Katriji Salama kwa Mchezo wa Kulenga Visahani

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa vitu viwili: kile kinachofyatuliwa kutoka katika mtutu wa bunduki, na ile metali nzito ya kijivu ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyotumika kukitengeneza. Asili ya neno ni Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni hiyo metali. Hali hiyo ya maana mbili kukaa ndani ya neno moja sasa inaanza kuachana na ukweli wa mambo. Denmark ilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wa bunduki za kutawanya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2023 kwa kuzikataza katika maeneo oevu na kandokando yake. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaziondoa katika matumizi mengi ya bunduki za raia, ikitoa kipindi cha mpito cha miaka 3.

Sababu za hatua hizo ni za kimazingira, lakini pia ni za kitabibu. Mchezo wa kulenga visahani unafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu hakuna mnyama anayeuawa wala nyama inayoliwa. Mlengaji hufyatua kwenye kisahani kinachorushwa angani, kisahani hupasuka, watu hupiga makofi. Madhara, kama yapo, huwapata wale ambao hawakuwa mbele ya mtutu: ndege, ng'ombe, mtoto wa nyumbani, na mlengaji mwenyewe.

Ili maneno yasigongane, hapa metali itaitwa madini ya risasi. Punje ndogo za duara zinazojazwa katika bunduki za aina hii zitaitwa marisau, kama kamusi zinavyoziita. Kifurushi kizima chenye ganda, fataki ya kuwashia, baruti, kizibo na marisau kitaitwa katriji.

Kilo zinazobaki shambani

Mchezo huu ulizaliwa katika karne ya 19 kutokana na mchezo wa kufyatulia njiwa hai waliofunguliwa kutoka katika visanduku. Hata Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 ilikuwa na shindano la njiwa hai. Kisahani kilichochukua nafasi ya njiwa kinaitwa cha udongo, ingawa kwa kawaida hakina udongo ndani yake: ni unga wa mawe ya chokaa uliogandishwa kwa lami, chenye kipenyo cha milimita 110 hivi na uzito wa takribani gramu 105. Lami hiyo ina kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani, na nguruwe waliokula vipande vya visahani vya namna hiyo wamewahi kufa. Viwanda kadhaa sasa hutengeneza visahani vinavyotumia utomvu badala ya lami. Anayebadilisha katriji na kuacha visahani vilevile vya zamani amefanya nusu ya kazi.

Uzito wa tatizo huonekana kwa hesabu ndogo. Katriji ya kawaida ya mchezo huu hubeba gramu 24 hadi 28 za marisau. Chukua gramu 28. Mlengaji anayefyatua katriji 100 kwa siku moja, idadi ya kawaida kabisa katika mashindano, huacha kilo 2.8 za metali ardhini. Walengaji 50 wakifanya hivyo, siku hiyo moja imeacha kilo 140. Uwanja unaotumika kila mwisho wa wiki kwa miaka 20 hauna tofauti kubwa na ghala la metali lililotandazwa juu ya majani.

Punje hizo hazipotei. Katika udongo wenye asidi na unyevu huliwa polepole, zikiachia chumvi za madini ya risasi zinazoweza kufika kwenye mimea na maji. Ndege nao huziokota zikiwa nzima. Ndege hana meno. Humeza changarawe ili firigisi itumie mawe hayo kusaga nafaka, na punje ya milimita 2.4 hufanana mno na changarawe. Ndani ya firigisi punje husagwa, asidi ya tumbo huiyeyusha, na bata aliyemeza punje chache tu anaweza kufa. Ng'ombe nao wamepata sumu kwa kulishwa majani yaliyovundikwa baada ya kukatwa katika mashamba yaliyopakana na viwanja vya kulenga. Majani yaliyovundikwa huwa na asidi, na asidi hiyo huyeyusha punje zilizovunwa pamoja nayo. Mfugaji huyo huenda hajawahi kushika bunduki maishani.

Ndani ya mwili wa binadamu

Madini ya risasi hayana kazi yoyote mwilini. Madhara yake hutokana na kufanana kwake, kikemia, na kalsiamu: mwili huyapokea kwa kuyadhania kuwa ni kalsiamu, kisha huyapeleka palepale kalsiamu inapohitajika, yaani kwenye neva na mifupa. Katika damu hukaa kwa majuma kadhaa, nusu yake ikiondoka katika muda wa takribani mwezi mmoja. Katika mfupa hukaa miongo. Hapo ndipo penye hatari kwa mwanamke ambaye alikutana na metali hii ujanani: wakati wa ujauzito na unyonyeshaji mifupa hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na madini ya risasi hutoka pamoja nayo, hupenya kondo la nyuma na kumfikia kijusi.

Katika uboho, metali hii huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza himu, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Matokeo yake ni upungufu wa damu ambao ni rahisi kuuchanganya na ule wa ukosefu wa madini ya chuma. Mgonjwa anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza madini ya risasi kwa wingi zaidi. Mtu mzima aliyeathirika huweza kulalamika kuhusu maumivu ya tumbo, choo kigumu, uchovu, maumivu ya viungo, kusahausahau na hasira zisizo na sababu. Shinikizo la damu hupanda na figo huharibika taratibu. Kiganja kinachoning'inia kwa udhaifu wa neva, ambacho vitabu vya zamani hupenda kukichora, ni dalili ya kuchelewa. Anayekisubiri atawakosa wagonjwa wengi.

Mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 ya kiasi anachofyonza mtu mzima kutoka chanzo kilekile, na ubongo wake bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kwa mtu yeyote mwenye mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu. Dawa za kuitoa metali mwilini hupendekezwa kwa mtoto anapofikia 45. Kati ya namba hizo mbili hakuna dawa ya maana zaidi ya kukiondoa chanzo, na ndiyo sababu mjadala wa katriji ni mjadala wa tiba.

Je, mlengaji wa visahani yumo katika hatari kubwa? Ukweli usemwe bila kutiwa chumvi. Anayefyatua mara moja moja katika uwanja wa wazi hapati kiasi kile anachopata anayefanya mazoezi katika ukumbi uliofungwa wenye hewa nzito. Lakini fataki nyingi zina kampaundi ya madini ya risasi, na kila mlio hutoa moshi wenye vumbi lake. Vumbi hilo hutua mikononi, kwenye nguo na kwenye viatu. Anayekula mkate au kuvuta sigara kati ya zamu na zamu hulimeza. Anayerudi nyumbani na koti lilelile na kumbeba mtoto humgawia. Walio katika hatari kubwa zaidi ni wale wanaojaza katriji zao wenyewe mezani nyumbani, na hasa wanaoyeyusha metali ili kutengeneza marisau. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la kawaida hulifikia, na wepesi huo umewaponza wengi.

Nini kichukue nafasi yake

Kwa kulenga visahani jibu linalofaa kwa watu wengi ni chuma. Marisau yanayouzwa kwa jina la chuma cha pua au chuma kigumu kwa kweli ni chuma laini. Huota kutu ardhini na kurudi kuwa oksidi za chuma, ambazo udongo mwekundu wa nchi nyingi umejaa tayari. Si sumu kwa ndege wala kwa mlengaji, na bei yake inakaribiana na ya madini ya risasi.

Lawama wanayoitoa walengaji wakongwe ni kwamba chuma ni chepesi. Ni kweli: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.8, na ya madini ya risasi gramu 11.3. Punje ya chuma yenye ukubwa uleule hupoteza kasi mapema zaidi. Lakini wepesi huo una upande wa pili ambao husahaulika. Katriji ya gramu 24 yenye punje za chuma za milimita 2.4 hubeba punje zaidi ya 400. Ya gramu 28 yenye punje za madini ya risasi za kipenyo hichohicho hubeba takribani 350. Kisahani hakina manyoya wala misuli, nacho hupasuka kwa kuguswa na punje chache. Katika umbali ambao visahani vingi hupigwa, mita 20 hadi 40, chuma kinatosha. Anayeona punje zake hazina nguvu huchagua ukubwa mmoja au miwili zaidi. Anayekosa kisahani kwa katriji ya chuma, mara nyingi, angekikosa kwa katriji yoyote.

Bismuthi ni nzito zaidi ya chuma, gramu 9.8 kwa sentimita ya ujazo, nayo ni laini, hivyo hufaa kwa bunduki za kale zenye mitutu isiyostahimili chuma. Kikwazo ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya chuma. Kwa mtu anayefyatua katriji 100 kwa siku haina maana ya kiuchumi. Kitabibu sumu yake ni ndogo, ingawa madaktari wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 nchini Ufaransa chumvi za bismuthi zilizomezwa kwa muda mrefu kama dawa ziliwasababishia wagonjwa wengi maradhi ya ubongo. Dozi za aina hiyo hazilinganishwi na punje shambani, lakini tukio hilo linaonya kwamba neno “salama” lina masharti yake.

Onyo hilo linahusu zaidi tangsteni. Ni nzito sana na hufyatuka vizuri, lakini huuzwa ikiwa imechanganywa na metali nyingine, na mchanganyiko ndio unaoamua. Vipande vya tangsteni iliyochanganywa na nikeli na kobalti vilipowekwa ndani ya misuli ya panya wa maabara vilisababisha saratani. Mnunuzi asisome jina la tangsteni peke yake. Asome na kilichofuatana nayo. Zinki ni sumu kwa ndege na haifai kabisa. Marisau ya madini ya risasi yaliyopakwa shaba au nikeli hayafai vilevile, kwani firigisi huling'oa tabaka hilo kwa muda mfupi.

Kizibo, ganda na bunduki yenyewe

Kati ya baruti na marisau hukaa kizibo. Katika katriji nyingi za kisasa ni kikombe cha plastiki kinachoyakumbatia marisau hadi yanapotoka mtutuni, kisha huanguka mita chache mbele. Kila mlio, kikombe kimoja. Hapa chuma huleta utata wake: kwa kuwa ni kigumu, hakipaswi kuusugua mtutu, na kikombe ndicho kinachoukinga. Vizibo vya nyuzi za mimea vilivyotumika miaka mingi kwa madini ya risasi havikutoa kinga hiyo. Viwanda vimejibu kwa vikombe vya karatasi nzito na vya malighafi zinazooza, na mnunuzi anaweza kuviomba. Aulize kinaozea wapi na kwa muda gani, kwa kuwa kuna vinavyoitwa vya kuoza ambavyo huhitaji joto la mtambo wa mboji ili vioze, na vingine huyeyuka majini bila mtu kueleza vizuri kinachofuata baada ya kuyeyuka. Katriji ya chuma yenye kikombe cha plastiki ya kawaida imeondoa sumu na kuacha takataka. Kwa afya, hilo bado ni afadhali. Maganda nayo huokotwa yote. Hakuna udhuru wa kuyaacha.

Bunduki ikaguliwe na fundi mwenye sifa kabla ya katriji ya kwanza ya chuma kuingia ndani yake. Bunduki nyingi za kisasa zilizopimwa kwa baruti isiyo na moshi zinaweza kutumia katriji za chuma za kiwango cha kawaida, mradi mdomo wa mtutu usiwe umebanwa zaidi ya nusu. Katriji za chuma za shinikizo la juu ni kwa bunduki zenye alama maalumu ya upimaji, yenye umbo la ua la yungiyungi. Mitutu ya kale iliyofumwa kwa nyuzi za metali isiguswe na chuma. Punje za chuma hudunda zikigonga jiwe au mti mgumu kuliko zile laini, hivyo miwani ya kinga si pambo, kwa mlengaji na kwa watazamaji. Kinga ya masikio pia inabaki palepale: mlio wa bunduki hizi huzidi desibeli 140, na hakuna katriji rafiki wa mazingira iliyo rafiki wa sikio.

Kwa Afrika Mashariki

Wanaolenga visahani katika ukanda huu ni wachache. Lakini ndege wanaohama kutoka Ulaya kila mwaka huja kupumzika katika maziwa na mabwawa ya huku, na mkataba wa kimataifa unaowahusu, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, unazitaka nchi kuondoa marisau ya madini ya risasi katika maeneo oevu. Kanga na kwale wanaowindwa kwa bunduki za marisau huliwa, na nyama yao hubaki na vumbi la metali lisiloonekana kwa macho hata baada ya punje kutolewa. Kuiunga kwa ndimu, siki au nyanya nyingi huongeza kuyeyuka kwa vumbi hilo ndani ya mchuzi. Nyama inayozunguka jeraha ikatwe kwa upana na kutupwa, na mama mjamzito na watoto wadogo wasipewe.

Metali hiyohiyo huyeyushwa pwani kwa ajili ya chubwi za nyavu na mishipi, mara nyingi kutoka katika betri chakavu za magari. Kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, kilichochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, kimeonyesha hadi mahakamani gharama ya jambo hilo. Mhudumu wa afya anayemuuliza mgonjwa mwenye upungufu wa damu usioeleweka kuhusu kazi yake na asisahau kuuliza anachoyeyusha jikoni au uani, na nani hucheza karibu.

Ambaye bado ana akiba ya katriji za zamani aanze kwa mambo madogo: kunawa kwa sabuni kabla ya kula, kubadilisha nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, kutowaachia watoto kazi ya kuokota maganda, na kufua nguo hizo peke yake. Anayefyatua mara kwa mara, na kila anayejaza katriji mwenyewe, anastahili kupimwa kiwango cha madini ya risasi katika damu ya mshipa. Damu ya ncha ya kidole huchafuliwa kirahisi na vumbi lililo kwenye ngozi, kwa hiyo jibu lake la juu lazima lithibitishwe.

Chumba cha picha

Mabadiliko haya yanaleta jambo ambalo wahudumu wengi hawajalizoea. Kwa miaka mingi mgonjwa mwenye marisau mwilini, kutokana na ajali ya uwindaji au ya uhalifu, alidhaniwa kuwa amebeba madini ya risasi. Yakiwa ndani ya misuli, mwili huyazungushia kovu na kiasi kinachoyeyuka huwa kidogo. Yakiwa ndani ya kiungo kama goti au nyonga, maji ya kiungo huyayeyusha na sumu inaweza kujitokeza baada ya miaka. Hayo hutolewa. Lakini madini ya risasi hayavutwi na sumaku, hivyo kipimo cha MRI hakikuyasogeza.

Chuma huvutwa. Punje ya chuma iliyo karibu na jicho, uti wa mgongo au mshipa mkubwa wa damu inaweza kusogea ndani ya mashine hiyo na kusababisha jeraha jipya. Kadiri katriji za chuma zinavyoenea, ndivyo wagonjwa wa namna hii watakavyoongezeka, wakiwemo waliojeruhiwa ughaibuni na kutibiwa nyumbani.

Picha ya kawaida ya eksirei husaidia kutofautisha. Punje za madini ya risasi ni laini: zikigonga mfupa au hata misuli hubonyea, hupasuka na kuacha vipande na vumbi jeupe njiani. Bismuthi huvunjika vilevile. Punje za chuma hubaki duara kamili, kama shanga. Zikionekana duara zote, bila kipande hata kimoja kilichopondeka, zihesabiwe kuwa ni chuma hadi ithibitishwe vinginevyo, na daktari wa picha aarifiwe kabla mgonjwa hajapelekwa kwenye MRI. Mara nyingi CT itajibu swali lililoulizwa. Fomu ya maswali ya kabla ya MRI huuliza kuhusu vidhibiti vya moyo, vyuma vya mifupa na vipande vya metali machoni. Iongezwe na swali moja la wazi kuhusu marisau, na mgonjwa anayejua aina ya katriji aiseme.